Hoja Haifungwi kwa Maneno

Kila mwezi wa Aprili, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zinapowekwa mezani bungeni, nchi nzima hugeuka wakaguzi. Mabilioni yanapamba kurasa za mbele za magazeti, vijiweni watu wanatajiana halmashauri zilizochemsha, na kila mwenye simu anasambaza picha ya ukurasa alioupigia mstari mwekundu. Baada ya wiki mbili tatu kelele zinazima, tunarudi kwenye Simba na Yanga. Wengi hudhani mambo yameishia hapo. Kwa sisi tuliofanya kazi halmashauri, homa ndiyo ilikuwa inaanza.

Nilikuwa mkaguzi wa ndani wa halmashauri ya wilaya mpaka nilipostaafu. Sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kukusanya majibu ya hoja za CAG kutoka kila idara na kuhakikisha kila jibu lina kiambatisho. Majirani huniuliza kama wabunge wanafanya lolote na zile ripoti, au ni kusema tu. Huwa nawaambia kwamba mbunge anayefoka ukumbini mkurugenzi hamwogopi sana. Anayemnyima usingizi ni yule aliyetulia kwenye chumba cha kamati, amefungua ukurasa wa kiambatisho, anaomba kuona stakabadhi.

Ripoti inapita wapi

Mwaka wetu wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Halmashauri inafunga hesabu zake na kuzipeleka kwa CAG ndani ya miezi mitatu. Wakaguzi wa nje wanapekua vocha, wanakwenda saiti, wanaandika hoja. Mkurugenzi anapewa nafasi ya kujibu. Hoja iliyojibiwa kwa ushahidi inafungwa palepale wilayani. Iliyobaki inaingia kwenye ripoti. Mwishoni mwa Machi CAG anaikabidhi kwa Rais, na Ibara ya 143 ya Katiba inataka iwekwe mezani bungeni ndani ya siku saba tangu Bunge lianze kikao kinachofuata. Rais asipochukua hatua hiyo, CAG anaipeleka mwenyewe kwa Spika. Hakuna mwenye ruhusa ya kuikalia.

Ikifika bungeni inagawanywa. Hesabu za wizara, idara na taasisi za Serikali zinakwenda Kamati ya Hesabu za Serikali, maarufu kama PAC. Halmashauri zote 184 ziko chini ya Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC, na mitaji ya umma kwenye mashirika ina kamati yake, PIC. Kwa utaratibu wa Bunge, PAC na LAAC huongozwa na mbunge wa upinzani, kama alivyokuwa Zitto Kabwe kwenye PAC na baadaye Halima Mdee kwenye LAAC. Sababu haihitaji maelezo marefu: chama kinachotawala hakiwezi kujisahihishia mtihani wake.

Anayeketi kwenye kiti cha kujibu si waziri. Ni Afisa Masuuli: katibu mkuu kwa wizara, mkurugenzi kwa halmashauri. Waziri anajibu kuhusu sera. Afisa Masuuli anajibu kwa sababu malipo yalipita mikononi mwake. Pembeni wanakaa maofisa wa CAG, ambao kazi yao ni kuiambia kamati kama jibu lililotolewa linalingana na walichokikuta.

Na hapa niseme jambo moja linalowachanganya wengi. Halmashauri ikipata hati inayoridhisha, ambayo mitaani tunaiita hati safi, haimaanishi kwamba hakuna aliyeiba. Inamaanisha vitabu vya hesabu vimeandaliwa sawasawa na vinaonyesha hali halisi. Nimeona halmashauri ikipiga vigelegele kwa hati safi huku zahanati yake haina hata paa.

Mabati yaliyolipwa

Kikao kimoja cha LAAC kule Dodoma kilinifundisha kazi hii kuliko semina zote. Vocha ilionyesha mabati ya zahanati ya kijiji yamelipwa yote. Leja ya stoo haikuonyesha kama yamepokelewa. Boma lenyewe, kwa picha za wakaguzi, lilikuwa limefika lenta na ndani yake nyasi zimeota.

“Mkurugenzi, hati ya kupokelea mzigo iko wapi?” mjumbe mmoja aliuliza, kwa sauti ya chini kabisa.

“Mheshimiwa Mwenyekiti, mzigo ulipokelewa moja kwa moja saiti.”

“Na nani?”

“Mheshimiwa Mwenyekiti, na kamati ya mapokezi.”

“Tunaomba muhtasari wa kikao chao.”

Mweka hazina akaanza kupekua mafaili, na sisi wengine tukainamia ya kwetu. Muhtasari haukuwepo. Mkurugenzi akaanza kueleza jiografia ya wilaya, mvua, ubovu wa barabara. Mwenyekiti akamkatiza kwa upole: hoja haifungwi kwa maneno, leteni nyaraka. Tukapewa tarehe, na wakaguzi wakaagizwa kwenda kuhakiki. Ukweli ukajulikana: mzabuni alilipwa kabla ya kuleta mzigo, akaona hana haraka. Baada ya agizo la kamati mabati yalifika na paa likaezekwa. Kamati haikumfunga mtu. Iliuliza swali moja mpaka likapata jibu, na wanawake wa kile kijiji wakapata mahali pa kujifungulia.

Wapo watakaosema hilo ni dogo. Basi tukumbuke Novemba 2014, PAC ya Zitto Kabwe ilipowasilisha taarifa kuhusu zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizotoka kwenye akaunti ya Tegeta Escrow. Njia ilikuwa ileile: nyaraka, ukaguzi, mahojiano, maazimio ya Bunge. Kabla Januari haijaisha, Mwanasheria Mkuu Frederick Werema na Waziri Sospeter Muhongo walikuwa wamejiuzulu, na Waziri Anna Tibaijuka ameondolewa na Rais.

Fedha ya Serikali kwenye nyumba ya mtu mwingine

Kuna fedha ambayo kuikagua kunahitaji busara zaidi, nayo ni ile inayopelekwa kwa taasisi za hisani na za dini. Wilaya ambazo hazikuwa na hospitali ya Serikali zimekuwa zikitumia hospitali ya kanisa, tukiiita Hospitali Teule ya Wilaya. Jengo ni la dayosisi. Mganga analipwa mshahara na Serikali, ruzuku inatoka Hazina, dawa zinatoka Bohari ya Dawa. Hata Bugando kule Mwanza na KCMC kule Moshi ni hospitali kubwa za kanda zinazomilikiwa na taasisi za kanisa huku Serikali ikibeba mishahara ya watumishi wengi.

Mpango huu umeokoa maisha ya watu wasiohesabika, na sitaki nieleweke vibaya. Lakini mkaguzi anakutana na vitabu viwili. Mzee mmoja anaponunua dawa dirishani, je, ile ni dawa iliyolipiwa na Serikali au iliyoletwa na wafadhili wa kanisa? Ndiyo maana kuna mkataba wa utoaji huduma kati ya halmashauri na mwenye hospitali, na ndiyo maana swali la kwanza la mkaguzi huwa: mkataba uko hai au umekwisha muda? Padri au sista anayeongoza hospitali si Afisa Masuuli. Anayewajibishwa ni mkurugenzi aliyetoa fedha, aeleze alivyofuatilia. Kumwamini mtu wa Mungu ni jambo jema, ila imani haiwezi kuwa kiambatisho.

Waingereza, ambao tulirithi kwao mfumo huu wa kamati, waliligundua hilo kwa gharama. Shirika la hisani la Kids Company la London, lililohudumia watoto na vijana wenye shida, lilifungwa Agosti 2015, siku chache baada ya kupewa na Serikali pauni milioni 3. Ofisi yao ya ukaguzi ilionyesha kwamba kwa miaka mingi lilikuwa limepokea angalau pauni milioni 46 za umma. Oktoba mwaka huohuo kamati ya Bunge iliwaketisha mwanzilishi wake, Camila Batmanghelidjh, na mwenyekiti wa bodi, Alan Yentob, ikawahoji hadharani. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ikakataa ombi la kuwazuia viongozi wa shirika hilo kuongoza kampuni. Kamati si mahakama. Mtu anaweza kubanwa sana na wabunge na bado mahakama ikamwona hana kosa.

Ninachokipenda zaidi kwenye kisa hicho ni barua. Kabla ya malipo yale ya mwisho, katibu mkuu aliyehusika aliandika kwamba haridhiki nayo, akataka mawaziri wamwagize kwa maandishi. Wakamwagiza, akalipa. Swali lilipokuja, kila mtu alijua nani alitaka nini. Mtumishi anayesoma hapa aizingatie barua hiyo.

Asilimia kumi

Kwetu, fedha iliyoitesa LAAC kwa miaka mingi ni mikopo ya asilimia 10. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani na kuyakopesha makundi bila riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ripoti za CAG zilirudia mambo yaleyale mwaka baada ya mwaka. Halmashauri hazichangii kiasi kamili. Mikopo hairejeshwi. Vikundi vingine vinajulikana kwenye karatasi tu, ukienda mtaani hakuna anayevifahamu. Aprili 2023 Serikali iliusimamisha mpango mzima ili itengeneze utaratibu mpya, na mwaka 2024 mikopo ikarejea, baadhi ya halmashauri zikitumia benki.

Waliolipa gharama ya kusimamishwa huko si wale wa vikundi hewa, maana hao hawapo. Ni akina mama wa kweli waliokuwa wameshaandika katiba ya kikundi na kufungua akaunti. Uzembe wa ofisi ulilipwa na mteja.

Mahali panapovuja

Udhaifu mkubwa wa mfumo wetu ni muda. Ripoti za mwaka wa fedha 2021/22 zilijadiliwa bungeni Novemba 2023. Shilingi iliyotumika vibaya Agosti 2021 ikazungumzwa zaidi ya miaka miwili baadaye. Kufikia hapo mkurugenzi amehamishwa, mweka hazina amestaafu, na aliyeketi kwenye kiti anaanza jibu lake kwa maneno ambayo kila mjumbe wa LAAC anayajua: “Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi nina miezi michache tu tangu nihamie.” Hoja zinapaswa kumfuata aliyesaini mpaka kituo chake kipya. Bila hivyo uhamisho unageuka msamaha.

Udhaifu wa pili ni siasa. Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad, aliyekuwa CAG, baada ya yeye kusema Bunge ni dhaifu. Novemba mwaka huo Rais akateua mwingine, na Desemba 2022 Mahakama Kuu ikatamka kwamba kuondolewa kwake kulikiuka Katiba. Mbunge bila mkaguzi hana ushahidi, na mkaguzi bila mbunge hana meno. Wakigombana wao, anayefaidi ni mwenye vocha bandia.

Kwa hiyo, msomaji, usiiachie kamati peke yake. Halmashauri 184 haziwezi kuhojiwa zote kwa kina kila mwaka, na wengi wanapona kwa sababu tu zamu yao haikufika. Ripoti za CAG ziko wazi kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, kwa Kiswahili. Tafuta jina la halmashauri yako. Chukua hoja moja tu inayohusu kijiji au mtaa wako, iwe boma, kisima au kikundi cha mkopo. Nenda nayo kwa diwani wako kabla ya kikao cha baraza, au simama nayo kwenye mkutano wa kijiji, uulize iko wapi nyaraka. Akikujibu kwa hotuba, mwambie hoja bado haijafungwa.