Uigaji wa msukosuko wa hewa juu ya nyuso zisizo laini

Uigaji wa msukosuko wa hewa ni njia ya kukokotoa kwa kompyuta jinsi hewa iendayo kasi inavyopita juu ya uso usio laini, kama vile bawa lenye uchafu, msitu, mji au bahari yenye mawimbi. Katika pwani ya Kilwa na Lindi, kusini-mashariki mwa Tanzania, elimu hiyo inahusu hasa utabiri wa upepo mkali na vimbunga.

Mtiririko tulivu na msukosuko

Hewa inaweza kutiririka kwa matabaka yanayoteleza bila kuchanganyika. Huo ni mtiririko tulivu. Kasi ikizidi, matabaka huvurugika na kuwa visulisuli vikubwa kwa vidogo. Mwaka 1883 Osborne Reynolds wa Manchester, Uingereza, alionyesha badiliko hilo kwa kupitisha maji yenye rangi ndani ya bomba la kioo.

Mparuzo wa uso huharakisha badiliko hilo. Kwenye bawa la ndege, hata mabaki ya wadudu yanaweza kulianzisha. Upepo mkali ulio karibu na ardhi tayari una msukosuko, hivyo swali ni kasi kiasi gani inapotea.

Ukokotoaji

Kompyuta huigawa hewa katika visanduku na kutatua milinganyo ya Navier na Stokes katika kila kimoja. Upande wa kisanduku ukipunguzwa kwa nusu, visanduku huwa mara 8. Kwa kuwa hatua za muda nazo hufupishwa, kazi yote huwa takriban mara 16. Kwa sababu hiyo programu za utabiri hazifuati kila kisulisuli, bali hutumia kipimo cha mparuzo: karibu mita 0.0002 kwa bahari tulivu, 0.03 kwa majani mafupi, na 1 hivi kwa mji au msitu.

Kwa mfano, upepo ukiwa na kasi ya mita 20 kwa sekunde kwenye kimo cha mita 200, kanuni ya logi hutoa kasi zifuatazo kwenye kimo cha mita 10:

- juu ya bahari: karibu mita 16 kwa sekunde
- juu ya majani mafupi: karibu mita 13
- juu ya mji au msitu: karibu mita 9

Umuhimu kwa Kilwa na Lindi

Upepo unaoonekana wa wastani nyuma ya nyumba na minazi ya Kilwa Masoko unaweza kuwa wa hatari kwa ngalawa na mashua zilizo nje ya mikoko. Kipimo cha mparuzo kikikosewa, tahadhari kwa wavuvi nayo hukosewa.

Kimbunga kiliupiga mji wa Lindi Aprili 1952. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilidhoofika baada ya kufika kisiwa cha Mafia, kwa kuwa nchi kavu hukinyima kimbunga joto na unyevu wa bahari, na mparuzo wake hupunguza kasi ya upepo. Hata hivyo mvua zake zilikata barabara ya Lindi–Dar es Salaam huko Somanga, wilayani Kilwa. Kupungua kwa upepo hakumaanishi kwamba hatari imekwisha.