KILIMO: Namna ya kuokoa mizinga iliyoangushwa na upepo

KATIKA maeneo ya Kitui, Makueni na Baringo, ambako wafugaji wengi hutundika mizinga mitini, mvua huandamana mara nyingi na upepo mkali. Mti ukianguka, nyuki nao huanguka. Mkulima mwenye haraka ya kusafisha shamba hukimbilia msumeno wa injini, na hapo ndipo hasara huzidi.

Mngurumo na mtikisiko wa msumeno huwachokoza nyuki ambao tayari wamevurugiwa makao, na mtu aliyebanwa kati ya matawi hana pa kukimbilia. Mzinga ndio unaostahili kushughulikiwa kwanza.

Kazi hiyo hufanywa magharibi, nyuki wengi wakiwa wamerejea, kwa mavazi kamili ya kujikinga na moshi wa kiasi. Mzinga wa gogo hugeuzwa ili upande uliokuwa juu urudi juu, kwa kuwa masega huning'inia. Ule wa vijiti vya juu, uliobuniwa humu nchini miaka ya 1970, hufunguliwa polepole. Sega la majana lililokatika hufungwa kwa uzi kwenye kijiti chake. Nyuki wenyewe wataliunga kwa nta. Masega ya asali yaliyopasuka huondolewa kwa sababu harufu yake huwaita siafu na nyuki waporaji. Tamaa ya kurina yote huwa kubwa, lakini nyuki wa Afrika wakipokonywa chakula baada ya msukosuko hawakawii kuhama.

Mzinga usipelekwe mbali. Nyuki wanaotafuta chakula hukumbuka mahali, si sanduku. Ukihamishwa mita 50 tu, wengi watarejea pale pa zamani na kupotea. Nguzo mbili na nyaya zilizopakwa grisi kuzuia siafu zatosha kuushikilia kwa muda.

Mti hukatwa asubuhi na mapema, mlango wa mzinga ukiwa umezibwa kwa wavu tangu usiku, kisha wavu huondolewa. Tawi lililopindwa na uzito hufyatuka likiguswa. Hatari kubwa zaidi ni shina lililong'oka na mizizi, ambalo laweza kusimama ghafla matawi yanapopunguzwa, hivyo watoto wasikaribie shimo lake. Mti ulioegemea nyaya za umeme usiguswe kabisa kabla ya mafundi wa umeme kufika.

Shina lenye uwazi ndani si lazima liishie kuwa makaa: kipande cha mita moja hivi, kikizibwa ncha zote na kuachiwa tundu dogo, ni mzinga mwingine.