Muuzaji na Visawe Vyake katika Kihispania: Tatizo la Uteuzi wa Msamiati

Nomino muuzaji, iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi uza, humtaja mtendaji pasipo kubainisha iwapo bidhaa ni mali yake au ya mwajiri wake. Vendedor ya Kihispania, inayotokana na vender, ‘kuuza’, ina upana huohuo. Ugumu humkabili mfasiri anapoingia dukani. Tendero, kutokana na tienda, ‘duka’, aghalabu humleta akilini mwenye duka dogo, hasa la vyakula. Dependiente ni mwajiriwa anayewahudumia wateja. Chanzo chake ni depender, ‘kutegemea’, na utegemezi huo bado unasikika katika neno. Katika riwaya inayohusu mgogoro wa ujira, kumwita kijana wa kaunta tendero ni kumpa mali asiyokuwa nayo na kuuvuruga mgogoro wenyewe.

Mchuuzi naye hupotoshwa kwa urahisi. Comerciante humkweza hadi kuwa mfanyabiashara. Anayetembeza bidhaa zake barabarani ni vendedor ambulante.

Kiambishi tamati -ero huzalisha majina mengi ya wauzaji, lakini si ya wauzaji pekee: panadero huoka mikate na pia huiuza, ilhali frutero huweza kuwa muuza matunda au, kwa mshangao wa mwanafunzi, bakuli la matunda. Katika masoko ya Meksiko, marchante huweza kumrejelea muuzaji na vilevile mteja wake wa kawaida. Hapo mfasiri hulazimika kuangalia kwanza ni nani anayemwita mwenzake.