Shakahola Hawakurogwa

Tangu Aprili 2023, makaburi ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie yalipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, bara ya mji wa Malindi, Kenya, sijaketi barazani hapa Bagamoyo wala kupanda gari la kwenda Bunju ila nimeulizwa swali lile lile: "Daktari, watu wale walinyweshwa dawa gani?" Nimelijibu kwa upole mara nyingi, leo uvumilivu umenipungua, maana wapo wanaouza hirizi na mafusho ya kumkinga mtu na uchawi wa wahubiri, na wazazi wenye hofu hutoa fedha zao.

Dawa haikuhitajiwa. Maiti zilizofukuliwa zilizidi 400, na madaktari waliozipasua walikuta aghalabu njaa, lakini kwa baadhi, watoto wakiwamo, walikuta dalili za kunyongwa, kuzibwa pumzi na kupigwa. Ikiwa fundi wa uchawi amekwisha kuzimiliki nyoyo za watu, mikono ya kunyonga ni ya nini, na wale walinzi wenye silaha ambao walionusurika wamewasimulia walikuwa wa nini? Hata katika kambi ya kidini ya Jonestown, kule Guyana, Novemba 18, 1978, ambako sumu ilikuwapo kweli na watu zaidi ya 900 wakafa, sumu ilikuja mwisho kabisa, baada ya miaka ya kutengwa na jamaa, na ilinyweshwa huku bunduki zikiwazunguka.

Kilichowashika watu wa Shakahola ni hatua ndogo ndogo, kila moja ikiufanya mgumu zaidi mlango wa kurudi: kwanza shule iliharamishwa, kisha hospitali, kanisa la Paul Mackenzie likafungwa mwaka 2019, wafuasi wakauza mali wakahamia msituni, ndipo ikaja saumu isiyo na futari. Mwenye njaa ya siku nyingi hupoa, akili ikazimika polepole, na anayemtazama hudhani ni utulivu wa imani. Mackenzie, aliyeshtakiwa mwaka 2024 kwa mauaji ya watoto 191, ameyakana mashtaka. Hukumu ni ya mahakama. Lakini mtoto hakuchagua kufunga, wala hakuna hirizi ambayo ingalimpa uji.

La kutenda, basi. Ukimwona jamaa anawatoa watoto shule, anakataa tiba, anauza shamba na kukata simu, usimcheke wala usimsuse, maana sauti yako huenda ndiyo kamba ya mwisho iliyomfunga na nyumbani. Watoto wakiwa hatarini, nenda siku hiyo hiyo kwa mtendaji na kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi. Aliyekonda kwa njaa usimjazie wali: chakula kingi cha ghafla huvuruga chumvi za damu, na moyo waweza kusimama. Mpeleke hospitali.

Wala usingoje ithibati kamili. Taarifa ya watoto wawili waliokufa Shakahola ilifika polisi Machi 2023. Makaburi yalianza kufukuliwa mwezi uliofuata.