Hifadhidata Inayoongoza Swichi ya Seva

Seva moja katika kituo cha data aghalabu hubeba mashine pepe kadhaa, yaani kompyuta zilizoundwa kwa programu ndani ya kompyuta moja halisi, na kila moja huhitaji kuunganishwa na mtandao kana kwamba ina waya wake yenyewe. Kazi ya kuziunganisha hufanywa na swichi pepe, ambayo ni programu ya kupokea pakiti za data na kuzipeleka zinakotakiwa. Miongoni mwa swichi hizo, mojawapo inayotumika sana ni Open vSwitch, programu huria iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2009. Kwa kuwa mashine pepe huundwa, huhamishwa na kufutwa mara kwa mara, mipangilio ya swichi kama hiyo haiwezi kutegemea msimamizi anayehariri faili kwa mkono. Kwa sababu hiyo mipangilio yote huwekwa katika hifadhidata ndogo iliyomo ndani ya seva, na programu nyingine huifikia kupitia kiolesura maalumu.

Kiolesura cha programu ni utaratibu uliokubaliwa ambao kwao programu moja huiomba nyingine huduma bila kuhitaji kujua mambo yake ya ndani. Utaratibu wa hifadhidata hii, unaojulikana kwa kifupi kama OVSDB, ulielezwa mwezi Desemba 2013 katika waraka RFC 7047 ulioandikwa na Ben Pfaff na Bruce Davie. Maombi na majibu huandikwa kwa JSON, muundo wa maandishi ambao binadamu anaweza kuusoma na kompyuta kuuchambua kwa urahisi, na poti ya TCP iliyotengewa mawasiliano hayo ni namba 6640.

Ndani ya hifadhidata mna majedwali yanayofungamana. Jedwali la juu huhifadhi rekodi ya swichi nzima, ambayo huelekeza kwenye rekodi za madaraja, yaani swichi pepe moja moja zilizomo ndani yake. Kila daraja huelekeza kwenye poti zake, yaani sehemu zake za kuunganishia, na kila poti huelekeza kwenye kadi ya mtandao, iwe halisi au pepe. Ufungamano huo si pambo, kwa maana rekodi ya poti isiyoelekezwa na daraja lolote huondolewa na hifadhidata yenyewe, na kwa njia hiyo mabaki ya mashine zilizokwisha kufutwa hayarundikani.

Nguvu kubwa ya kiolesura hiki imo katika muamala, yaani kundi la hatua zinazotekelezwa zote kwa pamoja au zisitekelezwe kabisa, kama ambavyo fedha zinazotumwa kwa simu hazipaswi kukatwa kwa mtumaji bila kumfikia mpokeaji. Programu inayotaka kuiunganisha mashine pepe ya mteja mpya hutuma ombi moja lenye hatua tatu: kuingiza rekodi ya kadi, kuingiza rekodi ya poti inayoitaja kadi hiyo, na kuiongeza poti katika orodha ya daraja. Hatua mojawapo ikishindikana, zote hubatilishwa, na swichi haikuti poti iliyoachwa nusu.

Hata hivyo, muamala kufaulu hakumaanishi kwamba mtandao umekwisha kubadilika, kwa kuwa hifadhidata huandika kinachotakiwa, ilhali utekelezaji ni kazi ya programu nyingine iitwayo ovs-vswitchd. Mtu akiongeza kadi yenye jina lililokosewa herufi, rekodi itapokewa bila pingamizi. Lakini safu iitwayo ofport, inayopaswa kuonyesha namba ya poti, itaandikwa -1, na safu ya error itaeleza kwamba kifaa hicho hakikupatikana. Vilevile rekodi ya swichi ina hesabu mbili: next_cfg, ambayo anayebadilisha mipangilio huiongeza, na cur_cfg, ambayo swichi huifikisha kwenye thamani ileile inapomaliza utekelezaji.

Kwa kuwa programu nyingi zaweza kuitumia hifadhidata moja kwa wakati mmoja, kiolesura kinatoa njia mbili za kuepusha mgongano. Ya kwanza ni ufuatiliaji, ambapo programu huomba kuarifiwa kila jedwali fulani linapobadilika, hivyo haina haja ya kuuliza tena na tena. Ya pili ni kufuli lenye jina, ambalo mshiriki mmoja tu hulimiliki kwa wakati; lakini kufuli hilo halimzuii asiyejali kuwepo kwake, kwani ulinzi wake hutegemea kila programu kuthibitisha ndani ya muamala kwamba bado inalimiliki.

Kiolesura hiki kina mipaka yake. Kanuni za kuelekeza pakiti moja moja, ambazo huweza kubadilika kwa kasi kubwa, hupitia itifaki nyingine iitwayo OpenFlow, huku OVSDB ikibaki na mambo yanayodumu zaidi, kama vile kuwepo kwa daraja au poti. Aidha, mwenye uwezo wa kuandika katika hifadhidata hii anaweza kuvuruga mawasiliano ya kila mashine iliyomo ndani ya seva. Kwa hiyo mawasiliano yanayopita kwenye mtandao yanapaswa kusimbwa kwa TLS na kila upande kuthibitishwa kwa cheti. Naye mtunzi wa programu asimtangazie mteja kwamba ameunganishwa kwa sababu tu ombi limepokewa, bali asubiri cur_cfg ifikie next_cfg na asome kwanza safu ya error.