Aliyepona Ebola Hubeba Dawa Katika Damu Yake

Kuna jambo moja ambalo wafugaji wa Mbulu na Hanang hawahitaji kufundishwa na daktari. Ng'ombe aliyeugua sotoka akapona, hakuugua sotoka tena. Ugonjwa huo uliua ng'ombe wengi mno katika nchi yetu katika miaka ya 1890. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani kote. Vijana wa leo hawaijui, wala hatuombi waijue. Lakini somo lake linatufaa hata leo.

Surua nayo ni hivyo hivyo. Mtoto aliyeugua surua akapona, haugui surua mara ya pili. Kwa nini?

Ndani ya damu mna chembe nyeupe. Ni ndogo sana, hazionekani kwa macho matupu. Kazi yake ni kupigana na vijidudu vya magonjwa. Vijidudu vidogo sana huitwa virusi. Virusi ndivyo vinavyoleta surua, kichaa cha mbwa na Ebola. Virusi vigeni vinapoingia mwilini, chembe nyeupe hazivijui. Inazichukua siku nyingi kujifunza. Zikisha kujifunza, hutengeneza silaha iitwayo kingamwili. Kingamwili huvinasa virusi na kuvizuia visizidi kuharibu mwili. Kila silaha ina adui wake. Kingamwili ya surua haiwezi kunasa Ebola, kama vile ufunguo wa kufuli moja usivyofungua kufuli nyingine.

Vita vikiisha, chembe nyingi zilizopigana hufa. Chache hubaki. Hizo chache hukumbuka. Ugonjwa ule ule ukirudi, zinautambua mara moja na kuupiga kabla mtu hajalala kitandani.

Je, kinga ya mtu mmoja inaweza kumsaidia mtu mwingine? Ndiyo. Kila mama hufanya hivyo. Mama mwenye kinga ya surua humpa mtoto wake kingamwili akiwa bado tumboni. Mtoto huzaliwa nazo. Lakini ni za kupewa, hakuzitengeneza mwenyewe, kwa hiyo baada ya miezi kadhaa hupungua na kwisha. Ndiyo maana mtoto huchanjwa surua mara ya kwanza afikapo miezi 9, na mara ya pili afikapo miezi 18. Chanjo huzifundisha chembe zake mwenyewe.

Wataalamu wa mifugo pia walitumia njia hii zamani. Kabla ya chanjo nzuri ya sotoka kupatikana, maabara ya Kabete, karibu na Nairobi, ilichukua damu ya ng'ombe waliopona sotoka, ikatenga maji ya damu hiyo, na kuyatumia kuwakinga ng'ombe wengine.

Sasa twende kwa jirani zetu wa Kongo. Mwaka 1995 ugonjwa wa Ebola ulizuka katika mji wa Kikwit. Wakati huo nchi hiyo ilikuwa ikiitwa Zaire. Watu 315 waliugua, na katika kila watu watano, wanne walikufa. Wauguzi wengi walikufa wakiwahudumia wagonjwa. Dawa haikuwapo. Mwezi wa Juni madaktari wa pale walifanya jambo la ujasiri. Waliwaomba watu waliopona watoe damu, wakawapa wagonjwa 8. Wagonjwa 7 wakapona.

Habari hiyo ilileta furaha. Hata hivyo, wataalamu hawakukubali upesi, na sisi tunaona walifanya vyema. Wagonjwa 8 ni wachache. Walipewa damu hiyo mwishoni mwa mlipuko, wakati huduma ilikuwa imekwisha kuwa nzuri zaidi. Huenda baadhi yao wangepona hata bila damu ile. Mwaka 2015, huko Guinea, wagonjwa 84 walipewa maji ya damu ya watu waliopona Ebola. Safari hii haikuonekana wazi kwamba yaliwasaidia. Kiasi cha kingamwili si sawa katika damu ya kila mtu. Mmoja anazo tele, mwingine anazo kidogo.

Basi wataalamu waliuliza swali jingine. Badala ya kumpa mgonjwa damu yote, je, tunaweza kuitafuta chembe moja iliyo hodari kuliko zote?

Profesa Jean-Jacques Muyembe ni daktari Mkongo. Alikwenda Yambuku mwaka 1976, Ebola ilipoonekana Kongo kwa mara ya kwanza, na alikuwapo Kikwit mwaka 1995. Yeye na wenzake wa Marekani na Uswisi walirudi kwa mtu mmoja aliyepona Kikwit. Ilikuwa imepita miaka 11 tangu mtu huyo augue. Walichukua damu yake kidogo. Wakazikuta zile chembe zenye kumbukumbu, bado zimo. Baada ya miaka 11! Walichagua kingamwili moja yenye nguvu. Kisha wakajifunza jinsi chembe ile inavyoitengeneza, wakaitengeneza kwa wingi katika maabara. Mtu yule hahitaji kutoa damu tena.

Dawa hiyo ilijaribiwa mashariki ya Kongo, katika Beni, Butembo, Katwa na Mangina, kuanzia Novemba 2018. Mlipuko huo ulikuwa mkubwa. Watu zaidi ya 3,400 waliugua na zaidi ya 2,200 walikufa. Dawa nne zilipimwa, na wagonjwa 681 walishiriki. Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu dawa mbili zilikuwa zimeonekana bora. Moja ni hii iliyotoka katika damu ya Kikwit. Waliopewa dawa hii walikufa 35 katika kila 100. Waliopewa dawa ya zamani walikufa karibu 50 katika kila 100. Dawa hutiwa mara moja tu kwa dripu. Desemba 2020 iliidhinishwa Marekani, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza itumike.

Kuna hesabu nyingine katika jaribio lile ambayo tungependa kila mwanakijiji aishike. Waliofika hospitali ndani ya siku moja tangu kuanza kuumwa, walikufa kama 19 katika kila 100. Waliokaa nyumbani siku tano kwanza, walikufa kama 47. Dawa ni zile zile. Tofauti ni siku.

Katika miji hiyo hiyo, watu waliopona walifanya kazi nyingine kubwa. Akina mama walipolazwa, watoto wao wachanga walibaki bila mlezi. Majirani waliogopa kuwagusa. Waliopona ndio waliowabeba, wakawalisha na kuwaimbia, kwa kuwa wao walikuwa na kinga.

Je, sisi tunaweza kuchukua damu ya jirani aliyepona ugonjwa na kumdunga mgonjwa nyumbani? Hapana, hata kidogo. Damu za watu zina makundi. Ukimpa mtu damu isiyo ya kundi lake, unaweza kumwua siku hiyo hiyo. Tena damu inaweza kubeba UKIMWI, homa ya ini au kaswende bila mwenyewe kujua. Ndiyo maana damu inayotolewa hospitali hupimwa kwanza. Mtu akikujia na bomba la sindano na maneno matamu kuhusu damu ya aliyepona, mfukuze na kumwarifu mganga wa zahanati.

Katika nchi tajiri wameanza kumpa mgonjwa chembe nyeupe zenyewe, zilizotoka kwa mtu mwingine. Mwishoni mwa mwaka 2022 nchi za Ulaya ziliruhusu dawa ya namna hii. Hupewa wagonjwa waliopandikizwa kiungo au uboho, wakapata saratani iletwayo na kirusi fulani. Kirusi hicho kiligunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe wa taya wa watoto wa Uganda. Dawa yenyewe ni ghali mno na haijawa ya kwetu.

Tena, dawa ya Kikwit inafaa Ebola ya aina moja tu. Mwaka 2022 Uganda ilipatwa na Ebola ya aina nyingine, ile iitwayo ya Sudan, na dawa hii haikufaa. Ugonjwa wa Marburg, ndugu yake Ebola, nao una kingamwili zake. Marburg ulifika Tanzania, mkoani Kagera, mwaka 2023. Watu 9 waliugua na 6 wakafa. Ulirudi Biharamulo mwanzoni mwa mwaka 2025, na watu 10 wote walioingia katika hesabu ya ugonjwa walikufa. Rwanda ulifika Septemba 2024. Huko wagonjwa wengi waliwahi hospitali, wakapata huduma nzuri, na baadhi yao wakapewa dawa ya majaribio iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Marburg. Katika wagonjwa 66 walikufa 15. Haijajulikana bado ni kiasi gani cha kupona huko kilitokana na dawa, na ni kiasi gani kilitokana na uuguzi.

Kutoka Kagera hadi mnada wa Katesh au Haydom basi hufika, na wafanyabiashara husafiri. Mtu akipata homa kali ya ghafla na kutapika, hasa ikiwa ametoka penye mlipuko au amemwuguza au kumzika mtu aliyekufa kwa ugonjwa wa namna hiyo, msimguse mikono mitupu. Mpelekeni taarifa mapema zahanati au kituo cha afya, na mseme wazi alikotoka. Simu ya Wizara ya Afya ni 199. Hailipiwi.