Kuchora si kupoteza kaye

Wakina mama, mara nyingi tukifungua kaye ya mtoto na kukuta amechora samaki au pikipiki, tunakasirika. Kaye ile ilinunuliwa kwa pesa ya ndakala, ya sombe au ya makala, nasi tunaona kurasa zimepotea. Hata shuleni, saa ya kuchora mara nyingi huwekwa mwisho wa juma, na masomo mengine yakichelewa, hiyo ndiyo ya kwanza kufutwa.

Sababu tunazielewa. Tangu Septemba 2019, elimu ya msingi ilipofanywa bure katika shule za serikali, madarasa yamejaa. Tena mtihani wa taifa wa mwisho wa mwaka wa sita unapima Kifaransa, hesabu na ujuzi wa jumla. Haumwombi mtoto achore. Lakini programu ya taifa ya shule ya msingi imeweka sanaa kati ya masomo, pamoja na lugha, hesabu na sayansi. Wiki hii tunataka kusema jambo moja: kuchora hakuibi muda wa masomo kama kunafanyika ndani ya masomo yenyewe.

Samaki wa sokoni, somo la sayansi

Tuchukue ndakala na mukeke, samaki ambao kila mtoto wa Uvira anawajua. Mwalimu akiwaweka mezani na kuwaambia watoto wawachore bega kwa bega, itawabidi waangalie vizuri. Mdomo wa nani ni mkubwa? Mapezi yako wapi? Wakimaliza, swali linakuja lenyewe: nani anamla nani? Mukeke hula ndakala, na sisi tunakula wote wawili. Hilo ni somo la sayansi, na mtoto amelipata kwa macho yake.

Halafu anaandika majina pembeni ya mchoro. Watoto wetu wanaanza shule kwa Kiswahili, kisha wanahamia Kifaransa, na hapo ndipo wengi wanakwama. Mtoto aliyechora pezi kwa mkono wake akiandika *nageoire*, na kwenye gamba akaandika *écaille*, amepata mahali pa kulishikia neno. Akilisahau, ataangalia mchoro wake.

Ramani ya mtaa

Jiografia nayo inataka krayo. Mnamo Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi kutoka Ujiji hadi kaskazini ya ziwa letu ili wajue kama Ruzizi unaingia ziwani au unatoka. Walikuta unaingia. Leo mtoto anaweza kulionyesha hilo kwa mishale miwili: mmoja kutoka Ziwa Kivu kushuka Tanganyika, mwingine kwenye mto Lukuga, pale Kalemie, maji yanapotoka kuelekea mto Kongo.

Kisha achore mtaa wake mwenyewe: nyumba, shule, kisima, mto, mlima. Hatujasahau Aprili 2020, Mulongwe ulipofurika na kuchukua watu na nyumba. Mtoto aliyechora njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni anaweza kuonyesha maji hupita wapi na mahali pa juu ni wapi. Tumwulize: mvua kubwa ikinyesha mkiwa shuleni, mtapita njia gani? Ramani ya namna hiyo inafaa kubandikwa ukutani, shuleni na nyumbani.

Historia katika picha

Tusidhani kwamba picha ni za watoto wadogo tu. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Katanga, alichora historia ya nchi yetu katika picha kama mia moja, miaka ya 1973 na 1974. Alimweleza Johannes Fabian picha hizo kwa Kiswahili, naye Fabian akazitolea kitabu mwaka 1996. Tshibumba alijiona kuwa mwanahistoria. Mtoto wa mwaka wa tano anayesoma habari za uhuru wa 1960 anaweza kufuata njia hiyo: amwulize bibi aliyoyaona au aliyosimuliwa, achore picha tatu, kisha asimame mbele ya wenzake aeleze.

Hesabu ya kikapu

Hapa sisi mama ndio walimu. Anayesuka kikapu huhesabu nyuzi kabla ya kuanza. Akikosea moja, ua halifungi. Paulus Gerdes, profesa wa hesabu aliyefundisha Msumbiji miaka mingi, aliandika vitabu juu ya hesabu iliyomo katika kazi za wasukaji. Mtoto akinakili ua la kikapu au la kitenge kwenye karatasi ya miraba, anajifunza mara ngapi linarudia, na upande wa kushoto unavyolingana na wa kulia.

Tufanye nini?

Kwanza, tuzungumze na mwalimu kwa heshima, tukipitia komite ya wazazi. Tusimwongezee kazi, tumwombe mchoro mmoja kwa juma, ndani ya somo ambalo tayari analifundisha.

Pili, vifaa visiwe kisingizio. Kipande cha kaala la jikoni, upande wa ndani wa katoni na udongo wa mfinyanzi vinatosha. Udongo tuuchukue sisi wakubwa, kwa maana mtoni na ziwani kuna mamba na viboko.

Tatu, tusiridhike na kunakili. Watoto sitini wakichora ua lile lile la ubaoni, wamejifunza kufuata ubao tu. Kitu chenyewe kiwe mbele yao: jani, samaki, jiwe.

Nne, nyumbani tusiulize tu kama mchoro ni mzuri. Tumwambie, "Nieleze." Mama asiyejua kusoma anaweza kuuliza hivyo, na kwa jibu la mtoto atajua kama somo limeingia.

Katika kikutano cha juma lijalo, kila mama alete mchoro mmoja wa mtoto wake, na aseme ni wa somo gani. Tukikuta michoro mingi haina somo, tutajua pa kuanzia mazungumzo yetu na walimu.